Ng'ombe Waliotoka Zizini: Kuchagua Kihariri cha Kwanza

Mstari wenyewe ulikuwa huu:

print('Ng'ombe wote wamerudi')

Aliyeuandika ni binti aliyemaliza kidato cha sita, mmoja wa vijana watano wanaokuja sebuleni kwangu kila Jumamosi kujifunza Python. Alikuwa anatengeneza kiprogramu cha kuhesabia mifugo ya babu yake. Kompyuta ikamjibu kwa Kiingereza kwamba kuna maneno yaliyofunguliwa bila kufungwa. Akautazama mstari wake mara tatu, akaniita: "Mwalimu, mbona nimefunga?"

Na kweli alikuwa amefunga, tena kabla ya wakati. Ile ritifaa ya ng'ombe, ambayo sisi tunaiandika tangu darasa la kwanza bila kuifikiria, kwa Python ni alama ileile ya kufungia maneno. Kompyuta ilisoma Ng, ikaona mlango umefungwa, halafu ikakutana na "ombe wote wamerudi" wakizurura nje ya zizi. Mtoto wa Kiingereza naye ana ritifaa zake. Mtoto wa Kiswahili anakutana nalo kwa ng'ombe, ng'ambo, kung'oa na kung'aa.

Nikaona hapo pana somo. Nikawaambia wote waandike mstari ule, kila mmoja kwenye kihariri alichokuja nacho. Wa kwanza alikuwa kwenye Notepad ya Windows: maandishi meusi juu ya karatasi nyeupe, kimya, hakuna lililobadilika. Binti mwenyewe alikuwa ameandika humohumo. Wa tatu alikuwa na Thonny, na kipande cha mwisho cha mstari kikapakwa rangi nyuma ya herufi, ishara kwamba kuna alama iliyoachwa wazi. Wa nne alikuwa na VS Code: Ng ikawa na rangi yake, ombe ikawa na rangi nyingine, na chini yake ukajichora mstari mwekundu wa mawimbi. Wa tano naye alikuwa na VS Code, lakini amewasha msaidizi wa akili mnemba. Hata hajafika kwenye ritifaa, kihariri kikampendekezea mstari mzima kwa rangi ya kijivu, umefungwa kwa alama za kunukuu maradufu, salama salimini. Akabonyeza Tab. Alikuwa wa kwanza kumaliza, na ndiye pekee aliyeondoka siku ile bila kujua kwamba ng'ombe ana matata.

Tangu Jumamosi ile, nikiulizwa na anayeanza atumie kihariri gani, naanza na swali langu: kosa lako utalionaje, na nani atalirekebisha? Kihariri kisichokuonyesha kosa kinakutesa bure. Kinacholirekebisha kabla hujaliona kinakunyima somo. Kinachomfaa mwanafunzi kiko katikati, na kukipata kunategemea pia kitu ambacho wanaoandika ushauri wakiwa Marekani au Ulaya huwa hawakigusi sana, yaani uzito wa programu kwenye kompyuta ya mtumba.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kihariri ni programu ya kuandikia msimbo. Vijana wangu wanasema "edita", na msimbo wanauita "kodi", jambo linaloleta kicheko kila mmoja wao anapomweleza mzazi kwamba amekesha akiandika kodi, maana mzee anafikiria mamlaka ya mapato. Mimi nitabaki na msimbo.

Msimbo ni maandishi matupu. Faili la Python au la HTML halina herufi nene, halina rangi, halina pambizo. Rangi unazoziona ni za kihariri, na faili lenyewe halizijui. Ndiyo sababu Microsoft Word haifai kabisa kwa kazi hii. Word inapenda kupendezesha: ukiandika alama ya kunukuu iliyonyooka, yenyewe inaipinda ivutie macho. Ukihamishia mstari huo kwenye Python, unaambiwa kuna herufi isiyoruhusiwa. Unazikodolea macho alama mbili zinazofanana kama mapacha, huoni tofauti. Nimewahi kumwona kijana akipoteza mchana mzima hapo.

Notepad haina mapambo, ila ina mitego yake. Wa kwanza ni jina la faili. Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina, zile zinazoonyesha aina ya faili. Mwanafunzi anahifadhi "jambo.py", Notepad inaongeza ".txt" mwishoni, Windows inaficha nyongeza hiyo, na kwenye skrini jina linasomeka sawasawa. Python inatafuta jambo.py haiioni. Mtu anaapa kwamba faili lipo, na kweli lipo, ila linaitwa jambo.py.txt. Mtego wa pili ni nafasi za mwanzo wa mstari. Python inapanga mantiki yake kwa nafasi hizo, na toleo la 3 linakataa uchanganyaji wa Tab na nafasi za kawaida unaolifanya lishindwe kujua mstari upi uko ndani ya upi. Kwa macho vyote viwili ni weupe mtupu. Kihariri cha msimbo kinajua jambo hili na hukuwekea nafasi za aina moja hata ukibonyeza Tab.

Kwa hiyo hoja kwamba mwanafunzi halisi aanzie kwenye Notepad ili apate ukakamavu, mimi siikubali. Ukakamavu wa kutafuta kosa usiloweza kuliona haufundishi programu.

Sasa uzito. Laptop nyingi ninazoziona mikononi mwa wanaoanza ni za mtumba: Dell Latitude, HP EliteBook au Lenovo ThinkPad zilizomaliza kazi katika ofisi za Ulaya, zikaja Kariakoo au katikati ya Nairobi na RAM ya GB 4 na diski ya kizamani inayozunguka. Ni mashine imara sana. Lakini fungua kivinjari chenye kurasa sita, WhatsApp ya kompyuta, kisha VS Code, na utaisikia feni ikilia kama pangaboi la baa.

Sababu iko kwenye ujenzi. VS Code imejengwa juu ya Electron, mtambo unaoruhusu programu ya mezani kuandikwa kwa teknolojia za tovuti. Bei yake ni kwamba kila programu ya Electron inabeba ndani yake kivinjari kizima, cha ukoo mmoja na Chrome. Microsoft wenyewe wanasema RAM ya GB 1 inatosha. Inatosha kufungua, labda. Ukiongeza programu-jalizi ya Python, ya kupanga msimbo, ya Git (chombo cha kutunza historia ya msimbo) na tatu za mapambo ulizoziona YouTube, GB 4 inakuwa chumba cha kupanga kilicholala wageni wanane. Kuna na suala la Windows 7, ambayo bado ipo kwenye mashine kadhaa za shule na stationery: toleo la mwisho la VS Code kuikubali ni 1.70 la mwaka 2022.

Kwa mashine kama hizo, vihariri vyepesi havijapitwa na wakati. Notepad++, iliyoanzishwa na Don Ho mwaka 2003, ni faili la megabaiti zisizozidi 10, inafunguka kabla hujainua kidole, ina rangi za msimbo na namba za mistari. Ni ya Windows tu. Kwenye Linux kuna Geany, nyepesi vilevile, nayo ina kitufe cha kuendesha programu palepale. Sublime Text ya Jon Skinner, ya mwaka 2008, ni ya kasi ajabu. Inauzwa, lakini muda wa kuijaribu hauna kikomo, kila baada ya muda inakukumbusha kulipa, unaifunga ile ilani, unaendelea. Wanaotumia hivyo kwa miaka ni wengi kuliko wanaokiri.

Mtu ataniuliza: kama VS Code ni nzito, kwa nini kila mtu anaitumia? Maana ni kweli. Katika uchunguzi wa kila mwaka wa Stack Overflow, kwa miaka kadhaa sasa karibu watatu kati ya kila wanne wanaojibu wanasema wanaitumia. Vita vya vihariri vilivyokuwa vikipiganwa kwa miongo, upande wa Emacs dhidi ya upande wa vi, vimezimika kwa mshindi kutoka nje kabisa ya uwanja.

Historia yake ina mzaha ndani. Mwaka 2014 GitHub walitoa kihariri kinachoitwa Atom, kizuri, huria, kinachoweza kugeuzwa upendavyo, na kizito. Ili kukijenga walitengeneza mtambo waliouita Atom Shell, ambao baadaye ulibadilishwa jina ukawa Electron. Mwaka 2015 Microsoft wakatangaza VS Code, na wakaijenga juu ya mtambo huohuo wa mshindani wao. Mwaka 2018 wakainunua GitHub yenyewe kwa dola bilioni 7.5. Tarehe 15 Desemba 2022 Atom ikafungwa rasmi. Waliokuwa wamejifunza Atom wakahama na mafaili yao, ambayo hayakudhurika hata kidogo, kwa sababu, kama nilivyosema, msimbo ni maandishi matupu. Anayeogopa kuchagua kihariri kitakachokufa na aitazame Atom: kilichopotea ni mazoea ya vidole, nayo yanarudi ndani ya wiki mbili.

Kuna jambo lingine ambalo VS Code ilileta, na kwangu ndilo kubwa kuliko umaarufu wake. Zamani kila kihariri kilipaswa kujifunza kila lugha ya programu peke yake. Vihariri 10 na lugha 10 maana yake ni kazi 100. Mwaka 2016 Microsoft, wakishirikiana na Red Hat na Codenvy, walitoa utaratibu wa pamoja: ujuzi wa lugha unawekwa kwenye programu ndogo ya pembeni, na kihariri chochote kinaweza kuiuliza, "hapa pana kosa?", "jina hili limetoka wapi?" Kazi 100 zikawa 20. Leo Neovim, Emacs, Sublime Text na VS Code vinaweza kuuliza programu ileile ya pembeni na kupata jibu lilelile. Mstari mwekundu chini ya ng'ombe wangu unaweza kuonekana kwenye vyote. Ndiyo maana ubishi wa kipi kina akili zaidi umepungua maana, ukabaki wa kipi kinakaa vizuri mkononi na kwenye mashine yako.

Karakana kamili, zile programu zenye kila kitu ndani kuanzia kuandika mpaka kujenga na kupima, nazipita haraka. PyCharm na IntelliJ za JetBrains ni kazi nzuri sana za ufundi. Kwa GB 4 sahau. Android Studio haina mjadala: ukitaka kutengeneza app za Android kwa Kotlin utaihitaji, na itakudai angalau GB 8 kabla haijakusalimia. Kwa mwezi wa kwanza wa kujifunza, karakana zina vitufe vingi kuliko maswali uliyonayo.

Thonny ni habari nyingine, na ningependa ijulikane zaidi kuliko inavyojulikana. Ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, nchini Estonia, na Aivar Annamaa, makusudi kwa anayeanza Python. Inakuja na Python yake ndani, kwa hiyo ule usiku wa kwanza wa kuhangaika kusakinisha, uliowakatisha tamaa watu wengi, haupo. Dirisha ni sehemu mbili: juu unaandika, chini unaona jibu. Kisha inafanya jambo ambalo vihariri vya wakubwa havilifanyi kwa uwazi ule. Ukiendesha programu hatua kwa hatua, inakuonyesha usemi ukigeuka thamani mbele ya macho yako. Andika jumla = ng_ombe + mbuzi * 2, uipe ng'ombe 7 na mbuzi 5. Inamulika ng_ombe, inaweka 7 mahali pake. Inamulika mbuzi, inaweka 5. Inamulika 5 * 2, inaweka 10. Inamulika 7 + 10, inaweka 17. Pembeni kuna jedwali la majina na thamani zake zinazobadilika. Kwa yule binti, ambaye shuleni alifundishwa mpangilio wa hesabu kwa wimbo wa kukariri, ilikuwa mara ya kwanza kuona kuzidisha kunatangulia kujumlisha kwa macho. Ubaya wa Thonny ni kwamba ni ya Python tu na siku moja itakuwa ndogo kwako. Hata baiskeli ya mtoto huachwa, na hakuna anayeilaumu.

Upande wa pili kabisa yuko vi na mwanawe Vim, na hapa naomba nikawie kidogo, kwa sababu anayeanza hukutana naye bila kumtafuta. Anaingia kwenye seva, anaandika amri ya Git, ghafla skrini inajaa alama na kila anachobonyeza kinafanya jambo lisiloeleweka. Mwaka 2017 Stack Overflow walitangaza kwamba swali la namna ya kutoka ndani ya Vim lilikuwa limewasaidia watu zaidi ya milioni 1. Jibu: bonyeza Esc, kisha andika :q! na Enter.

Kwa nini chombo kiwe kigumu hivyo? Bill Joy alipokiandika Berkeley mwaka 1976, alikuwa akifanya kazi akiwa nyumbani kwa modemu ya baud 300. Hiyo ni kama herufi 30 kwa sekunde. Skrini yake ilikuwa na mistari 24 ya herufi 80, yaani herufi 1,920. Kuichora upya yote ilichukua zaidi ya dakika nzima. Katika hali hiyo huwezi kusogeza, kubofya na kuangalia ovyo. Unataka amri fupi kuliko zote zinazowezekana, herufi mbili za kufuta neno, mbili za kufuta mstari. Na kwa nini mtu asogee kwa h, j, k na l badala ya mishale? Kwa sababu kwenye kibodi ya ADM-3A aliyokuwa nayo, mishale ilichapishwa juu ya herufi hizohizo. Ugumu wa vi ulitokana na bando dogo.

Nawaambia wanafunzi hadithi hii, na wao wanaielewa upesi kuliko ambavyo kijana wa California angeielewa. Siku mtandao unapokokota na seva iko Frankfurt, kihariri kinachotuma herufi chache tu kinageuka mkombozi. Kwenye seva hakuna dirisha wala kipanya. Mara nyingi kuna vi, na mara nyingi kuna nano, ambayo ni rahisi zaidi kwa sababu imekuandikia amri zake chini ya skrini. Katika mafunzo ya ALX ya uhandisi wa programu, yaliyofuata mtaala wa Holberton na kupitiwa na vijana wengi wa Nairobi, Kigali na kwingineko, wanafunzi wa hatua za mwanzo waliagizwa kutumia vi, vim au emacs tu. Walilalamika sana. Mimi sikubaliani na agizo hilo kwa wiki ya kwanza, maana mtu anajifunza mambo mawili magumu kwa mpigo, lakini waliolivuka hawaogopi seva.

Vim ina uhusiano na kwetu ambao wachache wanaujua. Aliyeitengeneza, Mholanzi Bram Moolenaar, aliitoa kwa umma mwaka 1991. Mwaka 1994 alifanya kazi kama mhandisi wa maji na usafi katika kituo cha watoto cha Kibaale, wilaya ya Rakai kusini mwa Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera, eneo lililopigwa na UKIMWI mapema na vibaya. Baadaye alianzisha shirika la kuchangia kituo hicho, na badala ya kuuza programu yake akaomba anayeipenda awachangie watoto wale. Kwa miaka mingi, mtu akifungua Vim tupu popote duniani, ukurasa wa kwanza umemwomba awasaidie watoto wa Uganda. Bram alifariki Agosti 2023. Nilipowaonyesha vijana wangu ukurasa ule, mmoja ambaye mama yake anatoka Bukoba aliomba niukuze auone vizuri.

Wengine hawana kompyuta kabisa, wana simu. Nilikuwa nikiwakatisha tamaa, nimeacha. Pydroid 3 inaendesha Python kwenye Android bila intaneti, Acode ni kihariri kizuri cha kurasa za tovuti, na Termux inakupa mazingira ya Linux kiganjani, vi ikiwemo. Shida ni kibodi: mabano na alama za kunukuu zimefichwa nyuma ya kurasa mbili, na kibodi ya simu hujifanya mjuaji ikikuwekea herufi kubwa mwanzoni mwa mstari, kwa hiyo print inakuwa Print na Python inakataa. Zima urekebishaji huo kwanza. Kama unaweza kupata kibodi ya nje ya kuunganisha kwa waya au Bluetooth, hata ya mtumba, umeshapiga hatua kubwa kuliko kubadilisha app tano.

Kuna pia vihariri vya ndani ya kivinjari, kama Replit na GitHub Codespaces, ambavyo mzigo wote unabebwa na kompyuta ya mbali. Codespaces humpa mtu saa 60 za bure kwa mwezi kwenye mashine ndogo. Kwa mwenye Wi-Fi ya chuo ni neema. Kwa anayenunua bando la siku, kila dakika ya kufikiri inalipiwa, na bando likikatika kazi iko huko, wewe uko huku. Tena hata VS Code ya kawaida hupenda kujisasisha yenyewe pamoja na programu-jalizi zake. Ingia kwenye mipangilio uifanye iulize kwanza. Fanya hivyo siku ya kwanza.

Tukiwa kwenye kukatika: umeme. VS Code na Notepad++ huhifadhi pembeni hata yale ambayo hujayahifadhi, na umeme ukirudi unayakuta. Vim huacha faili la akiba la kurudishia. Kwa mtu wa desktop isiyo na UPS, sifa hii ina thamani kuliko rangi zote za dunia.

Nirudi kwa kijana wa tano. GitHub Copilot ilionyeshwa mwaka 2021, na tangu mwishoni mwa 2024 ina toleo la bure ndani ya VS Code. Cursor, inayosifiwa sana sasa, ni VS Code iliyochukuliwa na kujengewa akili mnemba kila kona. Watetezi wana hoja, nami nimeisikia kutoka kwa rafiki yangu anayeandika programu kwa mshahara: "Kaka, kazini wote tunatumia. Unamfundisha mtoto kutembea kwa miguu wakati dunia imepanda bodaboda." Hoja yake ina nguvu kwa mtu wa kazini. Yeye akipendekezewa mistari 20, anaisoma, anagundua wa 14 una walakini, anaukataa. Uwezo huo aliupata kwa miaka ya kuona makosa yake mwenyewe. Mwanafunzi wa wiki ya tatu hana anachopimia. Anabonyeza Tab kwa imani. Siku msaidizi anapokosea, na hukosea kwa sauti ya kujiamini, hana pa kushika.

Hata hivyo sisemi akili mnemba ikae mbali kabisa. Ujumbe wa makosa unakuja kwa Kiingereza, tena Kiingereza cha kifundi, na miongoni mwa lugha ambazo Microsoft wanazitolea VS Code rasmi Kiswahili hakimo. Kijana aliyesoma shule ya kata anapambana na lugha mbili ngeni kwa pamoja. Kumuuliza msaidizi, "hili kosa maana yake nini, nieleze kwa Kiswahili, usinirekebishie", ni matumizi ninayoyaruhusu na hata kuyafundisha. Msaidizi akae dirisha la pembeni, aulizwe. Asikae ndani ya mstari akiandika.

Basi sebuleni kwangu utaratibu uko hivi kwa sasa, na naubadilisha nikiona haja. Anayeanza Python anapewa Thonny, mashine iwe na nguvu au isiwe nayo, mpaka aweze kuandika programu ya mistari 50 na kueleza kila mmoja. Anayeanza na kurasa za tovuti anapewa VS Code kama ana GB 8, Notepad++ au Geany kama hana. Akitoka Thonny, anaingia VS Code kavu: programu-jalizi ya lugha moja, msaidizi amezimwa. Mwezi wa pili kila mtu anakaa wiki moja na nano na Vim, apende asipende. Kihariri ambacho jirani yako wa darasani anakitumia kina alama za ziada, kwa kuwa ukikwama saa tatu usiku utampigia yeye, hutanipigia mimi.

Kijana wa tano nilimwomba azime msaidizi kwa miezi miwili. Alinuna. Jumamosi iliyofuata akaleta programu ya kuorodhesha miji, na kwenye mstari wa nne alikuwa na neno ng'ambo ndani ya alama moja moja. Mstari mwekundu ukajichora. Akakaa nao, akahesabu alama kwa ncha ya kalamu juu ya kioo, moja, mbili, tatu, akasimama kwenye ya pili.

"Aa," akasema. "Kumbe ni hii."

Yule binti wa mifugo, aliyekuwa amekaa pembeni yake, hata hakuinua macho. "Weka maradufu," akamwambia, kisha akanigeukia mimi. "Mwalimu, hii Thonny naifanyaje iwe nyeusi kama ya kwake?"

Nusu saa iliyobaki ya somo wote watano waliitumia kuchagua rangi.